Mami akinusurika sehemu ya 3: kuandika toleo mbadala la Madoka Magica lisilokwama

Swali: Shikamoo. Ninaandika toleo langu la Puella Magi Madoka Magica, katuni ya Kijapani ambamo kiumbe Kyubey humtimizia msichana ombi moja, naye kwa mkataba huo huwa binti wa miujiza wa kupigana na wachawi. Katika langu Mami Tomoe hafi katika sehemu ya 3. Nimefika sura ya sita nimekwama. Mami yupo, anawafundisha Madoka na Sayaka, wanakunywa chai kwake, kila mchawi wanamshinda, na hata mimi mwenyewe nimeanza kuchoka kuisoma. Nimefikiria kumwongeza binti wa miujiza wa sita mwenye nguvu kuliko wote ili kuwe na msukosuko. Nimekosea wapi, na nirekebisheje bila kumuua Mami?

Jibu: Marahaba. Binti wa sita mwache kwanza. Hadithi yako haijaishiwa na maadui. Kuna deni liliachwa wazi jioni ile ya hospitali, na ulipomwokoa Mami hukuuliza ni nani atakayelilipa. Ndiyo maana kuanzia hapo hakuna kinachowasukuma wahusika wako.

Rudi uitazame sehemu ya 3 kwa kituo, uisimamishe pale Madoka na Mami wanapotembea wawili ndani ya mzingile, yaani maficho ya kimiujiza, wa Charlotte, mchawi aliyemuua Mami. Madoka anasema hana ombi kubwa. Angetosheka kuwa mtu wa msaada kwa wengine kama Mami alivyo. Mami anavunjika moyo wake wa kujikaza. Anakiri kwamba anaogopa, kwamba hulia peke yake, kwamba hana wa kumweleza. Madoka anaahidi kupigana pamoja naye. Halafu wanapatana jambo ambalo waandishi wengi wa matoleo ya aina yako hulisahau: ikiwa mpaka mchawi huyu ashindwe Madoka atakuwa hajapata ombi, basi wamwombe Kyubey keki kubwa na vyakula, wafanye karamu ya kuanzisha kikosi chao. Mami anaingia vitani amejaa furaha, anamtwanga Charlotte mwenye umbo la mdoli, anadhani kazi imekwisha, na kile kinachochomoka mdomoni mwa mdoli kinamkuta hajajilinda.

Sasa mwokoe Mami sekunde moja kabla meno hayajafunga, usibadilishe kingine chochote. Usiku huohuo Madoka anafunga mkataba. Kilichomzuia katika mfululizo wa asili ni kuona mwili wa Mami ukining'inia; ukikiondoa hicho, ahadi yake ingali hai. Na Madoka wa mzunguko huu si msichana wa kawaida, maana Homura Akemi, binti wa miujiza anayerudisha wakati ili amwokoe, ameurudia mwezi huu mara nyingi. Kyubey anaeleza katika sehemu ya 11 kwamba kila mara Homura aliporudisha wakati kwa ajili ya Madoka, nyuzi za hatima za mizunguko yote zilimfungia yeye, na nguvu zake zikapanda kwa kadiri hiyo. Katika mzunguko wa nne tunaoonyeshwa ndani ya sehemu ya 10, alimwangusha Walpurgisnacht, mchawi mwenye nguvu mno, kwa pigo moja, na hapohapo akageuka mchawi ambaye Kyubey alikadiria angeimaliza dunia ndani ya siku kama kumi. Kwa hiyo sura yako ya pili, ile ya chai na mazoezi, inapaswa kuwa na msichana wa namna hiyo mezani, amepewa nguvu zake kwa bei ya keki, na Homura Akemi nje ya dirisha akijua kwamba mzunguko huu umeshaharibika. Hapo amani haipo hata kidogo. Wewe uliandika amani kwa sababu uliichukua ahadi ukaisahau.

Una njia mbili zinazosimama. Ya kwanza ni kukubali kwamba Madoka amefunga mkataba na kuandika janga refu la kumzuia asichafuke. Ya pili ni kusogeza badiliko lako nyuma kidogo, ili ahadi yenyewe isitolewe. Kwa hadithi ndefu ya kwanza ninakushauri ya pili, maana inakuachia nafasi ya kuwatumia wahusika wote watano.

Badiliko lichague dogo, la mapema, na litokane na uamuzi wa mtu badala ya bahati. Wapo wanaotumia jibini. Kadi rasmi za wachawi zinaeleza kwamba Charlotte, mchawi wa vitamutamu, anaweza kujitengenezea kitamutamu chochote akitakacho isipokuwa jibini, na ndicho anachokipenda kuliko vyote. Mwenye kipande cha jibini anaweza kumteka akili. Ni mbinu nzuri ya pambano, lakini haigusi ahadi, kwa hiyo peke yake haikutatulii kitu. Wengine humfanya Mami asimfunge Homura kwa tepe zake za kimiujiza kabla ya pambano. Hilo linahitaji Mami awe na sababu ya kumwamini, nawe utalazimika kuandika upya sehemu ya 1 na ya 2, kwa sababu Mami alimkuta Homura akimwinda Kyubey.

Badiliko ninalolipenda mimi ni la mtu mmoja kukimbia badala ya mwingine. Kumbuka mpangilio: Sayaka na Madoka wanaiona mbegu ya huzuni, ambamo mchawi huzaliwa, imejichomeka ukutani mwa hospitali, kwenye maegesho ya baiskeli, karibu kupasuka. Sayaka anajitolea kubaki na Kyubey kuilinda, Madoka anakimbia kumwita Mami. Wabadilishe. Madoka abaki, Sayaka akimbie. Sababu unayo: Sayaka ana miguu ya kasi na ndiye mwenye pupa. Kwa badiliko hilo moja unapata mambo matatu. Mazungumzo ya upweke hayatokei kwa namna ileile, Mami anaingia vitani na tahadhari yake kamili, anaona mdoli ana kitu tumboni, anaruka pembeni. Pili, Madoka yuko peke yake ndani ya mzingile na Kyubey, ambaye hatapitisha dakika bila kumkumbusha kwamba ombi moja tu lingewatoa. Tatu, na hapa ndipo penye utajiri, anayetembea na Mami ni Sayaka. Mapema katika sehemu hiyohiyo Sayaka amemwuliza Mami kama inafaa kumwombea mtu mwingine, na Mami akamrudishia swali: unataka ndoto yake itimie, au unataka uwe wewe uliyeitimiza? Hawakulimaliza. Wape njia ndefu yenye keki na dawa ukutani, walimalize au washindwe kulimaliza. Mhusika anayejibu swali hilo kwa uongo mbele ya Mami ana mbegu ya sura kumi.

Kabla ya kuandika sura nyingine, chukua karatasi uorodheshe kila kitu ambacho kifo cha Mami kilikifanya, kisha uamue kila kimoja sasa kitafanywa na nini. Kiliwatisha Madoka na Sayaka. Kiliacha jiji la Mitakihara bila mwenyewe, na ndiyo sababu Kyoko Sakura, binti wa miujiza wa mji mwingine, alikuja kulichukua. Kilimpa Sayaka kiti cha kurithi: alifunga mkataba ili upone mkono wa Kyosuke, mvulana anayempenda, lakini namna anavyopigana, kwa ukaidi wa haki, ni ya mtu anayejaribu kuwa Mami. Kiliifungua pia mikono ya Homura, maana tepe zililegea mwenye tepe alipokufa. Hili la mwisho ni dogo machoni na kubwa kazini. Ikiwa Mami yu hai, Homura bado amening'inizwa kule nyuma, na Mami lazima arudi amfungue. Iandike hiyo. Ni mara ya kwanza wawili hao kukutana huku mmoja akiwa na deni kwa mwenzake: Homura alimwonya kwamba mchawi huyu si kama wa awali, na onyo limekuwa kweli.

Ukimkosa Kyoko jijini, unapoteza ugomvi wake na Sayaka, na ukipoteza ugomvi huo hakuna tukio la darajani, na bila tukio hilo Madoka hakitupi kito cha Sayaka, chenye roho yake, juu ya lori, kwa hiyo hakuna anayegundua kwamba mwili huzima kito kikiwa mbali zaidi ya mita 100 hivi. Unaona jinsi uzi mmoja unavyovuta mwingine. Waandishi wengi humleta Kyoko kwa sababu tu mashabiki wanampenda, naye anabaki akila tofaa pembeni bila kazi. Mpe sababu yake mwenyewe. Ile iliyopo tayari ni Walpurgisnacht: katika mfululizo, Homura anamfuata Kyoko kwenye ukumbi wa michezo ya kompyuta na kumwambia kwamba majuma mawili yajayo Walpurgisnacht atalijia jiji hili. Katika toleo lako Homura anaweza kumfuata mapema, mjini kwake. Ukiitumia pia manga ya The Different Story iliyochorwa na Hanokage, Kyoko aliwahi kuwa mwanafunzi wa Mami kabla hawajatengana, na hapo kurudi kwake kunakuwa na kidonda cha zamani.

Hesabu ya mbegu

Hapa pana sababu ya pili ya kuchoka kwako: wasichana wako wanapigana bure. Nguvu zikitumika kito huchafuka, kito husafishwa kwa mbegu ya huzuni, mbegu hupatikana kwa kumwua mchawi. Vibaraka, watumishi wa wachawi, hawana mbegu. Kyoko anasema wazi katika sehemu ya 5 kwamba kibaraka aachwe ale watu wanne au watano kwanza, awe mchawi. Na mbegu haidumu. Katika sehemu ya 2 Mami anasafisha kito chake kwa mbegu ya mchawi Gertrud, kisha anamrushia Homura akimwambia imebaki ya kutumika mara moja tena.

Fanya hesabu ya kukadiria. Tuseme kila mbegu inasafisha mara mbili. Wachawi wa kawaida tunaowaona wakiuawa katika mzunguko mkuu kabla Sayaka hajageuka mchawi ni wanne: Gertrud, Charlotte, yule wa masanduku, na Elsa Maria. Hiyo ni mara nane za kusafisha. Mami akiwa peke yake, na akisafisha mara moja baada ya kila pambano, anatumia nne na kubakiwa na nne za akiba. Waweke Mami, Sayaka na Homura katika mapambano yaleyale manne: wanahitaji kumi na mbili, wanazo nane. Mtu atalala na kito kichafu, nawe ndiye unayeamua ni nani na kwa nini hakusema. Mami atajinyima, kwa kuwa ni mwenyeji. Sayaka atakataa kwa kiburi. Mwanzoni mwa sehemu ya 8 alimwachia Kyoko mbegu ya Elsa Maria kana kwamba inamnukia vibaya. Homura ataiba ya kwake usiku. Kikosi kikubwa kinaongeza usalama vitani na kinaleta njaa nyumbani, na ndiyo sababu mabinti wa miujiza hugombea maeneo. Ukimwongeza binti wa sita unaongeza mdomo, basi hata yeye lazima awekwe kwenye hesabu.

Chora jedwali lenye safu nne: siku, nani alipigana, mbegu zilizopo, hali ya kila kito. Andika hali kwa maneno matatu tu, safi, wastani, cheusi. Lifuate kwa uaminifu, litakupa matukio usiyoyafikiria. Weka pia kalenda. Kutoka Homura kuamka kitandani hospitalini hadi Walpurgisnacht ni kama mwezi mmoja, na hadithi yote inaingia humo. Ukijikuta una sura ya sikukuu ya Mwaka Mpya na sura ya likizo ya kiangazi, umeshatoka nje ya mchanga wa Homura.

Kuhusu mchanga huo: ngao yake ni saa ya mchanga. Ukiwa unatiririka anaweza kuusimamisha wakati. Ukiisha, hawezi tena kuusimamisha, anaweza tu kugeuza ngao arudi mwanzo. Kila tunapomwona akigeuza katika sehemu ya 10, ni baada ya Walpurgisnacht. Kwa hiyo usimfanye arudi nyuma siku ya tisa kwa sababu Sayaka amegombana na rafiki yake Hitomi. Na kila akirudi anamwongezea Madoka uzito, jambo ambalo katika mfululizo hulijua kwa kuchelewa. Kumbuka pia kwamba anayemgusa Homura, au aliyefungamana naye kwa utepe, hasimami pamoja na wakati. Mami ndiye mpinzani mbaya kuliko wote kwake.

Kyubey ndiye mtambo wako

Uliniuliza msukosuko utoke wapi. Utoke hapa. Katika sehemu ya 9, baada ya Kyoko kufa akijaribu kumrudisha Sayaka, Homura anamwuliza Kyubey kama jambo hilo liliwahi kuwezekana. Jibu ni hapana, na anaongeza faida aliyoipata: sasa Homura yuko peke yake dhidi ya Walpurgisnacht, na Madoka hana budi kufunga mkataba. Mwandishi Gen Urobuchi amekuwekea mezani mkakati mzima wa adui. Kyubey anataka kikosi kivunjike. Katika mfululizo wa asili kifo cha Mami kilimfanyia nusu ya kazi. Katika toleo lako kikosi kimekamilika, Mami na Sayaka, labda na Kyoko, kwa hiyo Kyubey ana kazi zaidi, na silaha yake ni ukweli unaotolewa saa mbaya.

Yeye hasemi uongo wa wazi, na hana hisia. Asicheke kwa dharau, asikasirike, asifurahie mateso. Ukimwua, mwili mwingine unakuja na kuula ule wa kwanza, kama sehemu ya 8 inavyoonyesha. Kipimo cha mazungumzo yake ni rahisi: pitia rasimu, pigia mstari kila sentensi yake, jiulize kama ni ya kweli neno kwa neno. Mfano wa rasimu mbaya:

“Usiogope Sayaka, hakuna hatari yoyote katika mkataba huu.”

Huo ni uongo, na msomaji anayeujua mfululizo atafunga kitabu. Sasa uone huu:

“Kikiwa cheusi kabisa inakuwaje?” Sayaka aliuliza.
“Hutaweza tena kuwa binti wa miujiza. Ndiyo sababu Mami hukisafisha chake kila mara. Unataka akuonyeshe leo jioni?”

Kila neno hapo ni kweli. Aliyejua anasikia ubaridi mgongoni, asiyejua anasikia ushauri mwema, na mwaliko wa mwisho unamsukuma Sayaka hatua moja zaidi.

Kweli ziko mbili, na mfululizo ulizitenganisha: roho kuwa ndani ya kito ilifichuka sehemu ya 6, kito kugeuka mbegu na binti kuwa mchawi kulifichuka sehemu ya 8. Nawe zitenganishe, tena kwa sura kadhaa. Mami ataibeba ile ya kwanza. Aliomba kuishi akiwa ndani ya gari lililopondeka. Asingeomba angekufa, kwa hiyo kuambiwa kwamba mwili wake ni chombo tu kunamuuma lakini hakumnyang'anyi chaguo alilokuwa nalo. Sayaka ndiye atakayeumia zaidi hapo, kwa ajili ya Kyosuke. Ya pili ndiyo itakayomvunja Mami. Tumeshaona: katika mzunguko wa tatu ndani ya sehemu ya 10, alipomwona Sayaka akigeuka, alimfunga Homura, akakipiga risasi kito cha Kyoko, na alikuwa akimlenga Homura wakati mshale wa Madoka ulipokipasua kito chake. Aliamua kwamba ikiwa vito vinazaa wachawi basi wote wafe. Mami ni mtu aliyeishi kwa kuamini kwamba anaokoa, na amewavuta wengine katika kazi hiyo. Katika toleo lako amewavuta zaidi, kwa sababu ameishi zaidi.

Basi kilele chako kipo tayari, na hakihitaji mgeni: Kyubey anampa Mami kweli ya pili siku chache kabla ya Walpurgisnacht, kwa kujibu swali ambalo Mami mwenyewe ameliuliza. Unaweza kumwandaa aliulize. Kwa mfano Homura amekataa mara tatu kusema kwa nini hataki Madoka afunge mkataba, na Mami, akiwa mlezi, anakwenda kumwuliza yule anayejibu.

Hujalazimika kumuua. Ila ili apone usiku ule, vitu viwili vya kushikika lazima viwepo chumbani. Kwanza mtu ambaye hakuvutwa na Mami katika kazi hii, asiyekuwa sehemu ya hatia yake. Ndiyo maana Kyoko anafaa kuliko Sayaka, na Madoka asiye na mkataba anafaa kuliko wote wawili. Pili mbegu ya akiba, kwa sababu kukata tamaa huchafua kito haraka kuliko vita, na maneno matamu hayasafishi kito. Ukirudi kwenye jedwali lako utajua kama mbegu ipo. Kama haipo, rudi sura ya tano umfanye mtu aifiche. Nani aliificha, na alimnyima nani, hiyo ni sura nyingine umeshaipata.

Ukiamua ageuke, mchezo rasmi wa PSP wa mwaka 2012 umeshampa umbo: Candeloro, mchawi mdogo wa tepe ambaye asili yake ni kukaribisha wageni. Wa Kyoko katika mchezo huohuo anaitwa Ophelia. Ukibuni mchawi wako wa kumweka katikati ya safari, fuata kanuni ileile ya kadi rasmi: jina, asili yake kwa neno moja, vibaraka na kazi yao, kitu anachokitaka na hawezi kukipata, na udhaifu unaotokana na kitu hicho. Mzingile wake uonekane kama vipande vilivyokatwa na kubandikwa, maana ndivyo kundi la Gekidan Inu Curry lilivyoitengeneza; usiandike msitu wa giza wenye mapango.

Walpurgisnacht asishindwe kwa urahisi kwa kuwa tu wako wanne. Yeye hahitaji hata mzingile wa kujifichia. Watu wa kawaida wanaona dhoruba kali na kukimbilia makazi ya dharura. Homura alimmiminia silaha za kijeshi za kila aina katika sehemu ya 11 bila kumzuia. Wakifaulu wanne wako, andika kilichobaki asubuhi yake: mchanga wa Homura umeisha. Hana tena uwezo wa kusimamisha wakati, hana silaha ya kimiujiza ya kupigania, ana bunduki za wizi na siku inayofuata ambayo hajawahi kuifika. Binafsi hapo ndipo ningetaka kusoma zaidi kuliko vita yenyewe. Na vito vingali vinachafuka. Ombi la Madoka la sehemu ya 12, la kuwafuta wachawi wote kabla hawajazaliwa, lilitokana na kuona mateso ya wote, wa sasa na wa zamani. Katika toleo lako ameona machache, kwa hiyo usimpe ombi lilelile kwa maneno yaleyale. Ama ajifunze kwa njia nyingine, ama hadithi iishe bila yeye kuomba.

Mambo madogo yanayoharibu kazi nzuri. Nguvu za kila binti hutokana na ombi lake: Sayaka aliyeomba uponyaji hupona haraka, Mami aliyeomba kuunganishwa na uhai ana tepe, na bunduki zake huzitengeneza kwa tepe hizo. Ukibadilisha ombi, badilisha na nguvu, na uliandike ombi lenyewe kwa maneno kamili kama mkataba unavyoandikwa. Namna Homura anavyomwita Madoka ni saa ya msomaji: Homura wa mwanzo, mwenye miwani na nywele za kusuka, humwita kwa heshima kwa jina la ukoo, Kaname, wa baadaye humwita Madoka. Ukichanganya, msomaji hajui yuko mzunguko gani. Sayaka na Madoka kwa Kiswahili wanaweza kumwita “dada Mami” bila tabu, ana mwaka mmoja mbele yao shuleni. Na hao ni wanafunzi wa umri wa miaka 14 hivi. Mapenzi yao yaandike kwa kadiri ya umri huo, basi.

Andika pia mwanzoni ni mfululizo upi unaoufuata. Sehemu 12 za televisheni za Januari hadi Aprili 2011 zinatosha kuwa msingi. Filamu ya Rebellion ya 2013 inakuja baada ya mwisho wake na kanuni zake ni nyingine, usizichanganye nusunusu. Ukipakia kwenye tovuti ya Archive of Our Own, Kiswahili kimo katika orodha ya lugha, kichague ili wasomaji wako wakupate. Kwenye muhtasari sema waziwazi kwamba hadithi inaachana na asili kuanzia sehemu ya 3, na weka onyo la vifo na la watu kujiua, kwa sababu historia ya familia ya Kyoko na lile ghala la sehemu ya 4, ambamo watu wanarogwa wajiue, haviepukiki. Usiiuze. Usianze kupakia kabla hujawa na sura tatu zilizokamilika na jedwali lililofika mwisho wa mwezi.

Sura zako sita usizitupe. Ya kwanza iandike upya kuanzia maegesho ya baiskeli, Sayaka akikimbia. Sura mbili za mazoezi ziunganishe ziwe moja, na umwonyeshe Mami akihesabu mbegu wakati wenzake wamelala. Zile za wachawi wanaoshindwa kirahisi chagua moja, uiongezee mbegu inayopotea. Sura ya chai ihamishe: iwe baada ya Mami kuijua kweli ya kwanza na kabla ya ya pili, kila mmoja mezani akijua jambo ambalo mwenzake halijui. Kyubey akae kwenye kiti cha tano, na Mami ammiminie kikombe.